Harusi ya Kujaribia Prosesa

Fundi aliifanya kazi yake vizuri. Naanza na hilo ili mtu asije akasema nimemwonea, maana nimeshaambiwa. Laptopu niliyompelekea Kawangware ilikuwa inachemka mpaka inazima yenyewe, na aliponirudishia ilikuwa imepoa, nyepesi kwa kazi, na ina kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo tangu niinunue ikiwa mtumba. Kwa upande wa ufundi sina neno. Hasira yangu ni ya jambo jingine, bado ninayo, na sihitaji kukumbushwa kwamba hasira hasara. Hasara ilitangulia, hasira ikafuata.

Mimi napiga video za harusi, lakini si harusi zote. Kwetu Makina, sisi Wanubi, katika siku za harusi huwa kuna siku ya wanawake peke yao. Mlango unafungwa. Hata baba mwenye nyumba anajua pa kwenda mpaka jioni. Ndani mabuibui yanatundikwa, vitambaa vya kichwa vinavuliwa, nywele zilizosukwa kwa siku nzima zinaonekana, na mama ambaye barabarani anatembea kama amebeba yai kichwani anacheza doluka, ngoma yetu ya harusi, mpaka jasho linamtiririka. Simu zote zinakusanywa mlangoni kwenye ungo, na anayezilinda huwa ni shangazi mmoja asiyejua kucheka. Kamera inayoingia ni moja tu, yangu. Ninachopiga nakihariri mwenyewe nyumbani, mlango umefungwa, nakikabidhi kwenye flashi mkononi mwa mwenyewe, kisha nafuta kila kitu.

Siri ya maiti aijuaye mwosha. Kazi yangu ni hiyo hiyo, ila watu wangu wako hai na wanacheza.

Harusi ninayoisema ilikuwa ya binti wa jirani, tunayegusana naye ukuta. Nimemwona akitambaa, na mpaka leo ananiita anti. Katika ukoo wao bibi harusi huingia akiwa amefunikwa shuka jekundu gubigubi. Nyanya yake ndiye anayemfunua, kwa wimbo maalumu, na wimbo huo ni mrefu. Hata akishafunuliwa hafungui macho mpaka uishe. Anacheza macho yamefumbwa, mikono mbele, na nyanya anacheza kumzunguka, na wanawake wote wanaona isipokuwa yeye. Ni mila, nami sina ugomvi na mila, ila nimewaona mabibi harusi wengi wakiniuliza baadaye kwa haya: nilionekanaje? Ndiyo maana wananiita. Yale mengine yote wanayaona kwa macho yao. Video yangu ni ya wimbo ule.

Na safari hii kulikuwa na nyanya. Nyanya yake ni mkongwe, anatembea kwa mkongojo, na watu walikuwa wamekubaliana amfunue mjukuu akiwa ameketi kitini. Ngoma ilipoanza aliutupa mkongojo. Simaanishi aliuweka chini. Aliutupa, ukamgonga mtu mguuni. Akavua kitambaa cha kichwa, mvi zote nje, akacheza wimbo mzima. Mimi niliyezoea nililia nyuma ya kamera. Bibi harusi alisikia vigelegele vikipasua bati, akasikia watu wanalia na kucheka, macho yake yamefumbwa kama alivyofunzwa. Alipofumbua, nyanya alikuwa ameshaketishwa anapepewa.

"Anti, nyanya alifanya nini?" aliniuliza kabla hata hajanisalimia, siku ya pili yake.

"Ngoja video," nikamwambia. "Nikikusimulia nitaiharibu."

Basi akangoja. Aliolewa Kambi Muru, si mbali, na kila tulipokutana sokoni hakuniuliza habari za nyumbani. Aliniuliza video.

Ila video haikukamilika, kwa sababu ya mashine. Ilikuwa ile laptopu nene ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Nikifungua picha za kawaida ilitulia. Nikiiwekea video kubwa, feni ilinguruma, kibao chake kikawa moto wa kupigia pasi, na ghafla kioo cheusi, imezima. Nilijaribu yote anayojaribu mtu asiyetaka kwenda kwa fundi. Niliiinua juu ya vifuniko vya chupa ipate hewa. Niliiweka juu ya sufuria iliyofunikwa, yenye maji baridi ndani, mama yangu akauliza kama napika. Kila mara ilifika kwenye wimbo ule, nyanya ameutupa mkongojo, ikazima. Na kadi ya kamera nilikuwa nimeifuta niitumie harusi nyingine, kwa hiyo harusi ile haikuwa mahali popote duniani isipokuwa ndani ya mashine inayougua.

Mafundi wa Laini Saba niliowauliza waliniambia jambo moja: mashine hizi za zamani zina nafuu, prosesa yake, ule ubongo wa mashine, haijachomelewa kwenye bodi. Inakaa kwenye soketi, unaweza kuitoa ukaweka yenye nguvu zaidi. Lakini wao hawakuwa nayo. Wakanielekeza Kawangware, kwa fundi anayenunua laptopu zilizokufa na kuzichinja apate spea.

Nilikwenda na mashine mgongoni. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, chini ya bati, kati ya muuza mitumba na jiko la chai. Mezani kulikuwa na mifupa ya laptopu kila upande. Alikuwa mtu wa makamo, mikono safi kuliko nilivyotarajia. Alinikaribisha kwenye kigoda, na mimi, kwa vile najua nilichobeba, nikakaa kabisa nimtazame.

"Shida yake ni gani, madamu?"

"Inazima nikifungua video."

Nayakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu nilikuja kurudishiwa.

Kumtazama akifanya kazi kulikuwa raha, sitasema uongo. Alifungua skrubu zote akazipanga juu ya sumaku kwa mpangilio wa zilivyotoka. Aliponyanyua kava la chini, harufu ya udi ikatujia wote wawili. Chumba ninachohariria ndicho mama anachofukizia nguo, na majivu ya miaka yote hiyo yalikuwa yameingia kwenye feni, yakashikana na vumbi, yakawa kitu kama blanketi.

"Madamu, hii ni mashine ama ni msikiti?"

Nilicheka. Sasa sicheki, lakini wakati ule nilicheka.

Alitoa lile bomba la shaba linalobeba joto kutoka kwenye prosesa kulipeleka kwenye feni. Kati ya shaba na prosesa hupakwa pesti, dawa ya kijivu ya kupitisha joto, na kama haipo, joto linabaki pale pale linaipika prosesa. Yangu ilikuwa imekauka, ikawa unga wa kukwaruza kwa ukucha. Aliifuta kwa pamba na spiriti, polepole, mpaka shaba ikang'aa ukaweza kujitazama. Akazungusha skrubu ya soketi, akainua prosesa yangu ndogo, akaweka nyingine aliyoichomoa kwenye mashine iliyokufa kioo. Juu yake akaweka pesti mpya, tone kama punje ya mchele.

"Wengi wanapaka kama mafuta ya mkate," akasema. "Ikizidi haisaidii. Hii inatosha."

Akafunga. Ikawaka. Akaniomba pasiwadi, na mimi niliyekuwa nimekaa macho kodo tangu asubuhi nikaiandika mwenyewe, vidole nimeviziba kwa mkono wa pili. Nikaridhika nafsi yangu. Kulikuwa kumeadhiniwa adhuhuri, msikiti hauko mbali.

"Imebaki nini?" nikauliza.

"Kuitesti tu. Niiache iwake kidogo nione kama joto linapanda. Nenda uswali, ukirudi utaipata tayari."

Nilifikiri kutesti ni kuiacha iwake. Kwa nini nifikirie vingine? Ukipeleka cherehani kwa fundi, anajaribu sindano kwa kipande cha kitambaa chake. Hachani gauni la harusi la mwenye cherehani.

Nikiwa narudi, kabla sijakiona kibanda, nikaisikia doluka. Kwanza nilidhani ni masikio, maana ngoma hiyo nilikuwa nimeihariri mpaka naiota. Kisha nikasikia vigelegele, na sauti ya jirani yangu, mama wa bibi harusi, ikimhimiza mama yake, na nikaitambua kwa sababu naisikia kila siku kupitia ukuta. Ilikuwa barabarani. Ilikuwa inatoka kwenye spika kubwa ya fundi, ile anayopigia redio, aliyoiunganisha ili asikie kama sauti inakatika. Nilikimbia. Mwanamke mzima, na buibui langu, nilikimbia Kawangware mchana.

Laptopu ilikuwa imegeuzwa, kioo kinatazama nje. Mbele yake wamesimama wanaume: wateja, muuza mitumba, mmoja na kikombe chake cha chai, mwingine anatafuna mandazi. Na kwenye kioo nyanya anacheza, mvi nje, na mjukuu wake mbele yake macho yamefumbwa, mabega wazi, mikono imepakwa hina mpaka viwikoni. Wanaume wale hawakuwa wakitukana. Nataka kuwa mkweli. Mmoja alikuwa anasema, "Huyo shosho ni moto," kwa sauti ya kusifu kabisa, na mwenye chai akachezesha bega kidogo kumwigiza.

Nilikifunga kile kioo kwa kishindo. Ngoma iliendelea kidogo kwenye spika, ikakatika.

"Pole pole, madamu, utavunja!" Fundi alishtuka kweli. "Si uone vile imetulia? Wimbo umeisha wote na haijazima. Gusa hapa. Gusa! Ni baridi."

"Nani alikuruhusu kufungua hiyo?"

"Si wewe ulisema inazima ukifungua video? Nilitafuta video nzito kuliko zote. Mtu hutesti na kile kinachosumbua."

Na hapo ndipo hasira yangu ilipokosa pa kukaa, kwa sababu kwa ufundi alikuwa sawa. Ndivyo wanavyofanya wote. Redio inajaribiwa kwa stesheni ya mteja, simu inajaribiwa kwa picha za mteja, na kila anayepita anaalikwa kutazama kwamba kazi imekubali. Ni tangazo lake la biashara. Anageuza kioo nje ili watu waone mashine iliyokuja imekufa sasa inapepea. Yeye aliona prosesa haipandi joto. Nyanya hakumwona kabisa, na sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Nilimwambia hiyo ni siku ya wanawake. Nilimwambia mume wa yule binti mwenyewe hajaiona. Nilimwambia yule mzee hajatoka kichwa wazi mbele ya mwanamume asiyemhusu tangu alipovunja ungo.

"Lakini ni ngoma tu," akasema. "Hakuna mtu ako uchi."

Mwenye mandazi akaongeza, akidhani ananituliza, "Ni poa sana, mathe. Mngeiweka mtandaoni ingeenda mbali."

Nilimwambia fundi aape kwamba hakuna aliyeinua simu. Akaapa. Niliwatazama wale wengine mmoja mmoja, wakatazama viatu vyao. Nililipa, kwa sababu kazi ilifanyika, na nilipomlipa alinikabidhi prosesa yangu ya zamani kwenye kifuko, nisije nikadhani ameniibia. Mwaminifu! Kitu kidogo cha chuma alikijua ni changu.

Njia nzima ya kurudi Makina nilikuwa najibizana na watu ambao hawapo. Na niliposimulia nyumbani, nikajibizana na waliopo. Kaka yangu alisema ningetoa diski kabla sijaipeleka. Vizuri, amelijua hilo siku hiyo hiyo, na hajawahi kuigusa diski maishani. Rafiki yangu alisema ninyamaze tu, Kawangware ni mbali, nani atajua? Huyo ndiye aliyenikera zaidi. Mimi nimeingizwa ndani ya milango iliyofungwa kwa sababu watu wanajua nikisema hakuna aliyeona, hakuna aliyeona. Nikianza kusema hivyo huku najua si kweli, basi nimebakiwa na nini? Kamera tu, na kamera kila mtu anayo.

Nilikwenda Kambi Muru na laptopu. Bibi harusi alinifungulia mlango akiwa na furaha iliyonichoma, maana aliona begi akajua ni nini.

"Imekubali?"

"Imekubali," nikasema. "Kaa kwanza."

Nilimweleza yote, nikianzia kwenye joto, nikamaliza kwa mwenye mandazi. Nilipomaliza alijitanda mtandio wake mabegani, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni mlangoni, na tulikuwa wawili tu ndani.

"Waliona mpaka wapi?"

"Wimbo wa kufunuliwa. Wote. Niliingia ndio unaisha."

"Baada ya hapo hawakuona?"

"Hawakuona."

Akatazama begi. "Basi kata hapo, anti. Walichoona ukifute. Kinachobaki nitakichukua."

Nilikataa. Nilimwambia dhambi ni yao, si yake, na kwamba macho yao hayatafutika hata tukifuta. Nilimwambia hajui anachokitupa, angalau atazame mara moja. Nilifungua mashine nimshawishi. Nilikuwa tayari kupiga magoti, na nilikuwa na hasira, kwa sababu anayetakiwa kupoteza alikuwa yule asiyefanya kitu.

"Nyanya ataniuliza," akasema. "Unamjua. Kila harusi ikiisha anauliza kama kuna mahali picha yake imebaki kichwa wazi, ambapo mwanamume ameiona. Siwezi kumwongopea nyanya. Nataka nimwambie, ilionekana, na sasa haipo. Hiyo nitaweza kuisema. Nikiiweka na kuitazama, nitakuwa nimekaa na wale wanaume kwenye kile kibanda."

Nikakata. Kazi ambayo zamani ingenichukua mchana kutwa, nangoja ipoe, naanza upya, ilikwisha kabla sijavuta pumzi vizuri. Feni haikulia hata kidogo. Nikakitupa kipande kile kwenye jalala la mashine, nikalimwaga na jalala, kisha nikamwonyesha kwamba hakuna kitu. Iliyobaki nikamwekea kwenye flashi: wanawake wanakula, shangazi na ungo wake, keki, mama yake akilia, yeye mwenyewe akicheka macho wazi. Mambo yote ambayo alikuwa ameshayaona.

Aliishika flashi bila kuitazama.

"Sasa nisimulie," akasema. "Si ulisema utaiharibu? Hakuna cha kuharibu tena. Nyanya alichezaje?"

Nilijaribu kwa maneno nikashindwa. Nikafunga mlango, nikavuta pazia, nikavua mtandio, nikachukua ufagio nikautupa kama mkongojo, nikacheza. Mimi huwa niko nyuma ya kamera, sijui kucheza. Nilizunguka pale kati ya kochi na meza, nikakosea mguu, nikarudia. Alicheka, kisha akaanza kulia huku anacheka.

"Si hivyo," akasema. "Nyanya hawezi kuwa alicheza hivyo."

Na kweli, sivyo alivyocheza. Alivyocheza, mwanamume nisiyejua hata anaitwa nani, huko Kawangware, anajua kuliko mjukuu wake.